Kurekodi Demo ya Wimbo kwa Fedha Kidogo: Mwongozo kwa Watunzi wa Moshi na Arusha

Demo ni rekodi ya awali ambayo mtunzi humpelekea prodyuza, mwimbaji au mwalimu wa kwaya ili ausikie wimbo na kuamua kama anauhitaji. Anayeisikiliza anatafuta maneno yanayosikika vizuri, melodia inayoshikika, na mwendo wa wimbo kutoka ubeti hadi kiitikio. Ngoma nzito, vinanda vya tabaka nyingi na sauti zilizong'arishwa vitaongezwa baadaye na watu wenye vifaa vya kazi hiyo. Kwa sababu hiyo ninaamini kwa dhati kwamba kijana wa mitaa ya Moshi kama Pasua, Majengo au Kiborloni mwenye simu janja moja, gitaa la kuazima na chumba kilichotulia anaweza kutoa demo inayostahili kusikilizwa, na kwamba fedha nyingi ambazo watunzi wachanga hulipia studio kabla wimbo haujakamilika zingefaa kubaki mfukoni. Hatua zifuatazo zinafuata kazi yenyewe inavyokwenda, kuanzia kwenye daftari hadi faili linapotumwa.

Hatua ya kwanza: kamilisha wimbo kwenye daftari

Usiwashe kifaa chochote kabla hujaweza kuuimba wimbo wote, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kutazama maneno na bila kusita kuhusu ubeti unaofuata. Andika maneno yote kwenye ukurasa mmoja, kisha uyagawe waziwazi: kianzio, ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili, na daraja, yaani kipande cha kati chenye melodia tofauti, kama lipo. Hesabu muda unaopita kabla kiitikio hakijafika. Kikichelewa zaidi ya dakika moja, jiulize ni mistari ipi ya ubeti inayorudia jambo lililokwisha kusemwa, kisha uiondoe.

Baada ya hapo tafuta ufunguo unaokufaa, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo wote unaimbiwa, na njia nyepesi ni kuanzia kwenye noti ya juu kabisa ya kiitikio. Ukiweza kuiimba noti hiyo mara tano mfululizo bila kukaza koo, ufunguo unafaa. Ukishindwa, shusha kodi (noti zinazopigwa pamoja) za gitaa au kinanda kwa nusu toni hadi uifikie kwa raha. Watunzi wengi huchagua ufunguo kwa kufuata kodi walizozizoea vidoleni, na matokeo yake sauti inachoka kabla kazi haijafika nusu. Kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, hukuwezesha kupandisha ufunguo huku ukiendelea kupiga kodi zilezile. Mwisho, weka kasi ya wimbo kwa kutumia programu ya metronomu, ambayo hupiga mapigo ya kasi moja na hupatikana bure kwenye simu, na uandike kasi hiyo pamoja na ufunguo juu ya ukurasa wa maneno.

Kwa wale waliopita kwenye kwaya za kanisa, ambazo mkoani Kilimanjaro ni nyingi na zenye walimu hodari, ninashauri pia melodia iandikwe kwa nota za sol-fa. Maandishi hayo yanamwezesha mwimbaji mwingine kujifunza wimbo bila wewe kuwapo, na hayagharimu kitu zaidi ya penseli.

Hatua ya pili: chagua na uandae chumba

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo mtu asiye na fedha anapoweza kumkaribia mwenye fedha. Nyumba nyingi za mjini zina kuta za tofali zilizopigwa plasta, sakafu ya saruji au vigae, na madirisha ya vioo. Vitu hivi vyote hurudisha sauti badala ya kuimeza, kwa hiyo kila neno unaloliimba linafika kwenye maikrofoni mara mbili au zaidi, kwanza kutoka kinywani na kisha kutoka ukutani. Mwangwi wa namna hiyo ukishaingia kwenye rekodi ni vigumu mno kuuondoa, hata kwa programu za gharama kubwa.

Chagua chumba cha kulala kuliko sebule, na kidogo chenye vitu vingi kuliko kikubwa kilicho kitupu. Kitanda, mapazia mazito, kabati la nguo lililofunguliwa milango na zulia ni vifaa vya studio tayari. Kama huna vya kutosha, nenda kwenye mitumba ya soko la Memorial au Kiborloni ukatafute mablanketi mazito na mapazia ya zamani, kwa kuwa uzito na unene wa kitambaa ndivyo vinavyofanya kazi, na rangi iliyofifia haina madhara yoyote kwa sauti.

Trei za mayai zinazobandikwa kwenye kuta za studio ndogo hazisaidii kama inavyodhaniwa. Karatasi yake ni nyembamba na nyepesi, hivyo hupunguza sehemu ndogo tu ya sauti za juu na kuziacha za kati na za chini zikizunguka chumbani, na haina uwezo wa kuzuia mlio wa bodaboda inayopita nje. Sauti ya hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde, ina wimbi lenye urefu wa takriban sentimita 34, na ya hezi 100 wimbi lake hufikia mita 3.4, kwa hiyo kitu cha kuzipunguza lazima kiwe kinene. Godoro la sponji la inchi 6 lililosimamishwa wima hufanya kazi kubwa kuliko ukuta mzima wa trei, na nyumba nyingi zina godoro.

Mahali pa kuliweka godoro pana umuhimu wake. Maikrofoni ya kuimbia husikia zaidi upande inakoelekea, yaani upande wa mwimbaji na kila kilicho nyuma yake, kwa hiyo godoro la kwanza lisimame mgongoni mwa mwimbaji, hata kama inaonekana kinyume cha mazoea. Maikrofoni ya simu husikia pande zote kwa karibu usawa, na ukitumia simu ongeza blanketi nyuma yake, ukilitundika kwenye kamba au juu ya mlango wa kabati. Usisimame katikati kabisa ya chumba, wala usigusane na ukuta.

Kelele za nje hazizuiwi na mablanketi. Dawa yake ni kuchagua saa. Alfajiri kuna adhana, majogoo na mbwa, mchana kuna mashine za kusaga na mafundi wa kuchomelea, na usiku wa Ijumaa pengine kuna mkesha kanisani jirani. Katika mitaa mingi muda tulivu zaidi ni kati ya saa nne usiku na saa tisa, lakini kila mtaa una utaratibu wake, na njia ya uhakika ni kurekodi dakika moja ya ukimya katika saa mbalimbali kisha kusikiliza kwa hedifoni, sauti ikiwa juu. Miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, panga kazi ukijua kwamba mvua juu ya bati itaisimamisha wakati wowote. Joto la Januari na Februari linawasumbua watu wa Moshi, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 800, kuliko wa Arusha walio kwenye mita 1,400 hivi, na pangaboi lazima lizimwe kila unaporekodi. Rekodi vipande vifupi, kisha uliwashe mnapopumzika. Zima friji pia, na uweke funguo zako au simu juu yake ili usisahau kuiwasha tena.

Hatua ya tatu: tumia kifaa ulichonacho, kisha ununue kwa mpangilio

Simu janja ya kawaida inatosha kwa demo ya kwanza. Iweke kwenye hali ya ndege ili isipokee simu wala ujumbe katikati ya ubeti, safisha kitundu cha maikrofoni yake kwa kitambaa kikavu, na uondoe kasha kama linakifunika. Tumia programu ya kurekodi inayohifadhi faili la WAV lenye sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16 au zaidi, kwa sababu faili lililobanwa tangu mwanzo hupoteza ubora ambao haurudi. Dakika moja ya WAV ya njia moja (mono) huchukua takriban megabaiti 5.3, kwa hiyo wimbo wa dakika nne wenye sauti tano tofauti huhitaji karibu megabaiti 106, na ni vyema kuhakikisha nafasi hiyo ipo kabla ya kuanza.

Programu ya BandLab hupatikana bure na inaruhusu kurekodi sauti moja huku ukisikiliza nyingine kwenye simu. Mwenye kompyuta, hata ya zamani, anaweza kutumia Audacity, ambayo ni ya bure kabisa na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Reaper nayo hutoa siku 60 za majaribio kabla ya kuhitaji leseni. Usipoteze wiki nzima ukilinganisha programu. Yoyote kati ya hizo inamtosha mtunzi.

Ukipata fedha kidogo, kitu cha kwanza cha kununua ni hedifoni za waya zinazofunika masikio. Hedifoni za bluetooth huchelewesha sauti kiasi cha kumfanya mwimbaji abaki nyuma ya mdundo, na ucheleweshaji huo hauonekani hadi wakati wa kuunganisha sauti. Cha pili ni stendi, kwa kuwa simu au maikrofoni inayoshikwa kwa mkono hurekodi kila msuguano wa vidole. Maikrofoni iwe ya tatu. Katika chumba ambacho hakijatulia vizuri, ninapendelea maikrofoni ya dainamiki, ya aina zinazotumika jukwaani na makanisani, kwa kuwa huimbiwa kwa karibu na hivyo hubeba sauti ndogo ya chumba. Maikrofoni ya kondensa husikia hadi saa ya ukutani, na nyingi zake huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti, kile kifaa kinachounganisha maikrofoni na kompyuta. Dainamiki nayo kwa kawaida huhitaji kadi ya sauti ya nje ili kuunganishwa na kompyuta, hivyo fanya hesabu ya vyote viwili, pamoja na waya wa XLR, kabla hujatoa fedha dukani. Kwaya au bendi ya jirani huenda ikakuazima maikrofoni kwa siku moja ukimwendea kiongozi wake kwa heshima, ukamweleza kazi yenyewe na siku utakayoirudisha.

Kichujio cha pumzi, kinachozuia mpasuko wa herufi p na b, hutengenezwa nyumbani kwa kuvuta soksi nyepesi ya kike juu ya waya wa hanga uliokunjwa kuwa duara. Kiweke kati ya kinywa na maikrofoni, sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye maikrofoni.

Hatua ya nne: rekodi gitaa au kinanda kwanza

Toa gitaa kwenye mfuko wake nusu saa kabla ya kuanza, hasa Arusha katika baridi ya Juni na Julai, ili nyuzi na mbao zizoee hali ya chumba, kisha ulinganishe nyuzi upya kabla ya kila jaribio. Elekeza maikrofoni au simu kwenye mahali shingo inapokutana na mwili wa gitaa, karibu na kizuizi (freti) cha 12, kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30. Ukiielekeza kwenye tundu la gitaa utapata mvumo mzito unaofunika maneno.

Vaa hedifoni, fuata metronomu, na uanze kila rekodi kwa mapigo manne ya kuhesabia. Angalia kipimo cha sauti: sehemu kali kabisa zifike kati ya desibeli −12 na −6, ambapo sifuri ndio ukomo. Sauti ikivuka sifuri hupasuka, na mpasuko hautengenezeki. Piga kwa urahisi kuliko unavyopiga mbele za watu, kodi chache na mdundo mmoja ulio imara, kwa sababu gitaa la demo lipo ili kuyabeba maneno. Mwenye kinanda anaweza kukiunganisha moja kwa moja na kadi ya sauti, na hapo chumba hakihusiki tena.

Kompyuta ikitoa mvumo wa umeme kwenye rekodi, chomoa chaja na ufanye kazi kwa betri. Mara nyingi mvumo huo hupotea palepale. Simu isiyotumika isikae karibu na nyaya, kwani inapotafuta mtandao inaweza kuingiza mlio wa kukwaruza.

Hatua ya tano: rekodi sauti

Simama wima, maikrofoni ikiwa usawa wa kinywa au juu kidogo, kwa umbali wa kiganja kimoja kilichonyooshwa ikiwa ni maikrofoni ya kawaida, na sentimita 20 hadi 25 ikiwa ni simu, ambayo igeuzwe pembeni kidogo ili pumzi isiipige moja kwa moja. Umbali huu ndio siri ya rekodi safi: katika nafasi iliyo wazi, kila unapouongeza mara mbili, sauti inayotoka kinywani hupungua kwa desibeli 6, ilhali mwangwi wa chumba hubaki karibu vilevile. Katika sehemu za kupaza sauti, rudi nyuma nusu hatua badala ya kupunguza nguvu ya uimbaji.

Kabla ya kuimba, rekodi sekunde 10 za ukimya wa chumba, kwani zitahitajika katika kusafisha. Kisha imba wimbo wote mara tatu au nne bila kusimama, ukiacha makosa yapite. Ndipo urudie kipande kimoja kimoja pale palipoharibika. Nimeona mara nyingi kwamba jaribio la pili huwa na hisia nzuri kuliko yale yanayofuata, hata kama noti moja au mbili hazikukaa sawa, na kwa demo ninachagua hisia. Mtu anayetafuta wimbo atasamehe noti iliyoyumba, lakini hatausikia moyo wa maneno yaliyoimbwa kwa uchovu.

Matamshi yapewe uzito wake. Silabi za mwisho za Kiswahili humezwa kwa urahisi mwimbaji anapokosa pumzi, na neno likipoteza silabi yake msikilizaji hupoteza maana ya mstari mzima. Weka alama za kuvuta pumzi kwenye ukurasa wa maneno, na uutundike usawa wa macho ili kichwa kisiiname.

Asiye na programu ya sauti nyingi anaweza kutumia simu mbili. Ya kwanza inacheza gitaa lililorekodiwa kwenye hedifoni za mwimbaji, ya pili inarekodi sauti. Kabla ya kuzivaa, sogeza upande mmoja wa hedifoni karibu na simu ya pili hadi yale mapigo manne ya kuhesabia yasikike na kurekodiwa. Baadaye, kwenye kompyuta, utayalinganisha mapigo hayo katika mafaili mawili na sauti zitakaa mahali pake.

Kama sauti yako haiufai wimbo, mwombe mwimbaji mwingine, na mkubaliane mapema kama atapewa nauli na chakula au malipo, na kama jina lake litatajwa. Mpe rekodi ya mazoezi siku kadhaa kabla.

Hatua ya sita: safisha bila kuzidisha

Kwenye Audacity, chagua zile sekunde za ukimya na uipe programu kama kielelezo cha kelele, kisha upunguze kelele kwenye rekodi nzima kwa desibeli 6 hadi 10. Ukizidisha, sauti huanza kulia kama inayotoka ndani ya maji. Kata masafa yaliyo chini ya hezi 80 kwenye sauti ya kuimba, maana huko kuna mivumo na vishindo vya sakafu tu. Kwa kompresa ya programu, bana tofauti ya sauti kubwa na ndogo kwa uwiano wa 3:1, ongeza mwangwi mdogo ukitaka, na uweke sauti ya mwimbaji juu ya gitaa kiasi cha kueleweka hata kwenye spika ndogo ya simu. Lala, kisha usikilize tena asubuhi kabla ya kuamua kwamba kazi imekwisha.

Hatua ya saba: linda kazi yako

Hifadhi mafaili sehemu mbili, kwa mfano kwenye simu na kwenye flashi, kwa jina lenye tarehe. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, kazi hulindwa tangu inapobuniwa, na ulinzi wake hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, hukupa ushahidi wa kuonyesha panapotokea mgogoro. Mkitunga wawili au watatu, andikeni asilimia za kila mmoja na mtie saini kabla demo haijatoka nje, wakati bado hakuna fedha ya kugombania. Mdundo uliopakuliwa kwenye intaneti chini ya jina la bure mara nyingi huwa na masharti ya mwenyewe. Yasome, na umweleze unayemtumia kwamba mdundo huo si wako.

Hatua ya nane: tuma

Tengeneza MP3 ya kilobiti 192 kwa sekunde, ambayo kwa wimbo wa dakika nne huwa karibu megabaiti 6. Ukitumia WhatsApp, itume kama hati. Usiicheze kwenye spika na kuirekodi upya kama ujumbe wa sauti, maana ujumbe huo hubanwa mno. Jina la faili libebe jina la wimbo, jina lako, kasi na ufunguo. Sauti ya kuimba ianze ndani ya sekunde 10 hadi 15, na usitume zaidi ya nyimbo mbili kwa wakati mmoja. Ujumbe uwe mfupi: salamu inayostahili umri wa mtu, jina lako na unakotoka, aina ya wimbo na mwimbaji unayemfikiria, pamoja na maneno yake.

Prodyuza akivutiwa ataomba sauti zilizotenganishwa. Mtumie kila moja kama faili lake la WAV, lisilo na mwangwi wala ubanaji, na mafaili yote yaanzie sekunde sifuri hata kama sauti yenyewe inaingia baadaye, ili akiyapanga kwenye kompyuta yake yakae sawa bila kukupigia simu.